Nauli Ipimwe kwa Mshahara

Ndugu zetu wa Dar es Salaam walipata mabasi ya mwendokasi Mei 2016, kilomita 21 kwa jumla, toka Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi ya Kariakoo na Morocco. Mabasi yalipewa njia yao peke yao. Wataalamu waliyapima wakayasifu, na jiji likapata tuzo ya kimataifa ya usafiri ya 2018. Hatupingi. Mwenye zamu ya alfajiri anajua thamani ya nusu saa.

Lakini sisi wafanyakazi tuna kipimo chetu. Nauli ya njia kuu ilianza kwa shilingi 650 za huko. Kwenda na kurudi ni 1,300. Kwa siku 26 za kazi ni 33,800. Kima cha chini cha mshahara viwandani mwaka huo kilikuwa 115,000. Zaidi ya robo inaliwa na basi, kabla ya unga na kodi ya nyumba! Aliyeunganisha basi la mtaani alilipa 800 kwa safari.

Mtafiti anayehoji abiria ndani ya basi hawezi kumwona aliyeshindwa nauli; huyo yuko barabarani kwa miguu. Na aje langoni mwa kiwanda saa kumi na mbili asubuhi. Hapa Nairobi nako njia za namna hiyo zinapangwa, nasi tunadai tuwemo katika kikao cha nauli kabla haijatangazwa.