Mtoto wa kulelewa asipotee kati ya madaftari mawili

SAUTI YA KUSINI
Na Mwanasiti Hamadi

Huku Vanga, kaunti ya Kwale, mtoto kulelewa na bibi, shangazi au mjomba si ajabu. Baba yuko dago, kwenye kambi ya wavuvi, mama amekwenda Uarabuni kutafuta riziki, na wengine wazazi wao wametangulia mbele ya haki. Ukoo humpokea mtoto akala na kuvaa pamoja na wenziwe. Hii ni fahari yetu, na Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2022 imeitambua hata kafala, malezi ya mtoto kwa misingi ya Kiislamu.

Taabu huanzia shuleni. Daftari la mwalimu lina jina, umri na darasa. Halisemi kwamba mlezi amebadilika tangu muhula uliopita. Mtoto akihamishiwa kwa shangazi Lunga Lunga, au akivuka mpaka kwa jamaa upande wa Tanga, Tanzania, shule moja inaandika kwamba hayupo, nyingine inampokea bila kujua alichokosa.

Serikali ina kumbukumbu, ila zimelala mahali pawili. Wizara ya Elimu ilianzisha NEMIS, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi, mwaka 2017, kila mwanafunzi na nambari yake, na fedha za masomo zikafuata nambari hiyo. Idara ya Huduma za Watoto nayo ina CPIMS, mfumo wenye habari za watoto waliofikishwa kwa afisa wa watoto. Nasema madaftari haya mawili yasomane.

Yakiunganishwa, tutayaona yaliyofichika. Jimbo la California, Marekani, lilifanya hivyo, na matokeo yakatolewa mwaka 2013. Awali watoto wa kulelewa walihesabiwa pamoja na maskini wengine. Kumbukumbu za shule zilipokutanishwa na za ustawi wa watoto, ilibainika kwamba waliokuwa mwaka wa mwisho wa sekondari walihitimu asilimia 58, ilhali wastani wa jimbo ulikuwa 84, na kwamba walihamahama shule kuliko wenzao. Mwaka huohuo, sheria mpya ya fedha za shule ikazitaka wilaya za shule zieleze zitawasaidiaje watoto hawa.

Kwale hatuhitaji kufunzwa faida ya kuhesabiwa. Ruzuku ya serikali kwa kaya zinazolea mayatima ilipojaribiwa mwaka 2004, ilianzia hapa, Garissa na Nairobi, kwa kaya 500 tu. Baadaye watafiti walilinganisha kaya zilizopata fedha na zisizopata, wakakuta watoto wa kaya zilizopata wameingia sekondari kwa wingi zaidi. Ushahidi huo uliipa nguvu ruzuku hiyo, ikaenea nchi nzima.

Lakini daftari linaweza pia kumfungia mtoto mlango. NEMIS ilidai nambari ya cheti cha kuzaliwa. Cheti cha mtoto wa kulelewa huenda kiko kwa mama aliye Riyadh, au hakikuwahi kutolewa. Tunaujua uchungu wa kukosa karatasi: Wamakonde walitembea kutoka Kwale kwenda Nairobi mwaka 2016 kudai uraia, na Wapemba wakatambuliwa kuwa jamii ya Kenya mwaka 2023. Mfumo mpya wa KEMIS unapochukua nafasi ya NEMIS, usirithi sharti hili la cheti. Mtoto aandikishwe kwanza, cheti kitafutwe akiwa darasani.

Siri za nyumba nazo zihifadhiwe, kama Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inavyotaka. Mwalimu hana haja ya kujua mama alikufaje. Anahitaji kujua ampigie nani simu mtoto asipofika.

Kazi ianze hapa kwetu, kaunti ndogo ya Lunga Lunga, bila kungoja Nairobi. Kila muhula ukifunguliwa, mwalimu mkuu, chifu na afisa wa watoto waketi na orodha moja: mtoto anaishi na nani, amekosa siku ngapi, ana cheti au hana. Kwa kila jina lenye kasoro ateuliwe mtu wa kufika nyumbani kabla wiki haijaisha, na kikao kijacho kianze kwa kumwuliza alikuta nini.