Masisi na Walikale: mtoto akikataa kula, shida ni yake ao ni ya sahani?

"Huyu mutoto anachagua chakula sana." Neno hilo linasikika kila siku kwenye mistari ya CPS, sokoni na jikoni, toka Sake mpaka Mubi. Mtoto anasukuma sombe, anatema maharagwe, analilia biskwiti ao bugali na mchuzi mtupu. Wazazi wengine wanamuita mkaidi. Wengine wanamuacha: atakula akisikia njaa.

Lakini katika wilaya hizi mbili za Kivu Kaskazini, neno "kuchagua" linafunika mambo matatu tofauti: chakula kilichobadilika ghafla, ugonjwa, na tabia ya kawaida ya umri. Kila moja ina dawa yake. Kuyachanganya kunaweza kumgharimu mtoto uhai.

Vita imebadilisha sahani

Masisi ni milima ya ng'ombe, maharagwe, viazi na mahindi. Fromaji ya Masisi inajulikana mpaka Kinshasa. Ukishuka kuelekea Walikale unaingia porini: muhogo, ndizi, mchele, mawese, samaki wa mito, mpose. Mtoto wa Nyabiondo na mtoto wa Njingala hawakukulia ladha moja.

Mwaka 2025 ulivuruga yote. Masisi-centre iliingia mikononi mwa M23 mwezi wa kwanza, Goma mwishoni mwa mwezi huohuo, na Walikale-centre tarehe 19 mwezi wa tatu, kabla waasi hao hawajaondoka hapo mwanzoni mwa mwezi wa nne. Jamaa nyingi zilikimbia, zingine zaidi ya mara moja. Kambi zilizozunguka Goma zilibomolewa mwezi wa pili, watu wakarudi kwenye vijiji ambako mashamba hayakuwa yamelimwa. Walikale nayo ilizoea kupokea vitu vingi toka Goma, kwa barabara na kwa ndege ndogo zilizotua Kilambo. Uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa na barabara kuwa hatari, njia hiyo ya chakula ilibanwa.

Kwa mtoto wa miaka miwili, maana yake ni rahisi. Alizoea maziwa na maharagwe; sasa anakuta sombe na bugali wa muhogo asubuhi na jioni. Hata mtu mkubwa anachoka na chakula kimoja. Tofauti ni kwamba mkubwa anasema, mtoto anasukuma sahani.

Na shida haikuanza na vita hii. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2013-2014, ule unaoitwa EDS, ulionyesha kwamba watoto 43 kwa 100 wenye umri chini ya miaka mitano nchini Kongo walikuwa wamedumaa. Kivu Kaskazini ilikuwa na 52 kwa 100. Yaani jimbo lenye udongo mzuri hivi, linalolisha miji, lilikuwa na watoto wafupi kuliko kiasi cha nchi nzima. Tumbo linaweza kujaa na mwili ubaki na njaa.

OMS na UNICEF wanatoa hesabu moja inayosaidia: mtoto wa miezi 6 mpaka 23 anapaswa kupata kila siku makundi 5 ya chakula katika 8. Tuhesabu. Bugali ni kundi moja. Sombe ni la pili. Ziwa la mama ni la tatu. Mawese yana faida kubwa, lakini hayahesabiwi kama kundi. Ukiongeza maharagwe ao karanga, umefika kundi la nne. Yai moja, ao ndagala zilizosagwa, njo la tano. Kwa hiyo jamaa nyingi hazihitaji chakula cha supermarket. Zinakosa vitu viwili, na vyote viwili vinauzwa sokoni pale ambapo soko bado linafunguliwa.

Mara nyingine ni ugonjwa

Jambo la pili ndilo hatari zaidi. Mtoto aliyekuwa anakula vizuri na ameacha ghafla, huyo hachagui. Malaria, kuhara, surua, minyoo na vidonda mdomoni vyote vinaondoa hamu ya kula. Utapiamlo wenyewe pia unaua hamu. Ndiyo maana kwenye kituo cha afya muuguzi anampa mtoto mwenye utapiamlo mkali Plumpy'Nut na kumuangalia kama anaila. Akishindwa, hatibiwi nyumbani, anapelekwa hospitali.

Kivu inaujua ugonjwa huu tangu zamani, inauita bwaki. Miguu na uso vinavimba, nywele zinageuka rangi na kuwa laini, mtoto ananuna na hataki chakula. Majirani wanaona mashavu na kusema amenona. Kumbe ni maji.

Utepe wa mkono unasaidia kuanzia miezi 6. Chini ya milimita 115 ni nyekundu: twende kituoni leo. Kati ya 115 na 125 ni manjano: mtoto afuatiliwe. Mtoto aliyevimba miguu yote miwili anapelekwa mara moja, hata kama utepe unaonyesha kijani. Na Plumpy'Nut ni dawa ya mgonjwa. Siyo bonbon ya kugawia ndugu zake.

Na yule anayechagua kweli?

Yupo pia. Kati ya miaka 2 na 6, watoto wengi duniani wanaogopa chakula kipya. Ni hatua ya kukua, inapita. Watafiti wameona kwamba mtoto anaweza kuhitaji kuonja kitu mara 8 mpaka 15 kabla hajakikubali. Wazazi wengi wanaacha mara ya tatu: "Lengalenga haipendi." Bado hajaijua.

OMS, katika mwongozo wake wa 2023 juu ya watoto wa miezi 6 mpaka 23, inashauri kulisha kwa kumsikiliza mtoto, na vinywaji vya sukari viachwe. Jikoni kwetu hiyo inamaanisha nini? Kijiko kimoja cha lengalenga pembeni ya kile anachopenda, leo, kesho na keshokutwa, bila kelele. Mzazi anachagua kinachopikwa, mtoto anaamua ale kiasi gani. Kumziba pua na kumsukumia uji kunaweza kumpalia, na kunamfundisha kuogopa sahani.

Kumwambia "kula sombe nitakupa biskwiti" ni kumfundisha kwamba sombe ni adhabu. Biskwiti na jusi ya kipakiti saa kumi zinaharibu chakula cha saa kumi na mbili.

Halafu sahani moja ya watoto wote. Ni desturi nzuri ya upendo, lakini mdogo wa miaka miwili hawezi kushindana na kaka wa miaka kumi. Wakubwa wanamaliza maharagwe, yeye anabaki na bugali, kesho anaambiwa hapendi maharagwe. Sahani yake ndogo, na mtu wa kukaa naye, vinabadilisha mengi. Vilevile kuku: yai linapouzwa ili kununua biskwiti, jamaa imepoteza mara mbili. Na baba anapopewa kipande cha samaki peke yake, mtoto anaangalia na kujifunza kwamba samaki siyo chakula chake.

Wazazi hawawezi peke yao

Mashauri haya yana mpaka. Hakuna mbinu ya kumzoesha mtoto maharagwe kama mama anaogopa kufika shambani, ao kama mzigo umelipiwa kwenye vizuizi mpaka bei imempita. Wenye silaha na viongozi, popote walipo, wanagusa sahani ya mtoto kila wanapofunga barabara. Mashirika nayo yanapoleta unga na mafuta tu, yanaleta tumbo lililojaa na kundi moja la chakula.

Kwa sasa, RECO na wazazi wanaweza kuanza na maswali matatu kabla ya kumuita mtoto mkaidi. Ameacha kula lini? Mkono wake unasoma rangi gani? Na wiki hii, sahani yake imekuwa na vitu vingapi?