Mama, Andika Siku Zako

Wiki hii nataka kuzungumza nanyi juu ya ugonjwa ambao akina mama huuficha kwa haya. Nanyi akina baba, msifunue ukurasa mwingine. Maneno haya yawahusu ninyi pia.

Tuseme yuko mama mmoja pale Zinga au Kaole. Kwa miezi mingi kibofu chamwuma. Kikijaa, maumivu huzidi. Akienda haja ndogo hupata nafuu, halafu yaanza tena. Usiku huamka mara nne, mara tano. Amepimwa mkojo, haukuonekana kijidudu. Hata hivyo amenunua vidonge dukani mara mbili, mara tatu, wala hakupona. Majirani wananong'ona, mumewe anamshuku. Lakini hakuna aliyemwuliza swali hili dogo: Mama, ni siku zipi unaumwa zaidi?

Swali hilo lina maana kubwa. Wanawake wengi wenye maumivu ya kibofu ya muda mrefu huzidiwa siku chache kabla ya hedhi, au hedhi inapoanza, kisha hupata nafuu. Si uchawi, wala si uvivu. Kibofu na tumbo la uzazi ni majirani, na mishipa ya fahamu ya viungo hivyo viwili hukutana katika uti wa mgongo. Hedhi inapokaribia, homoni za mwili hushuka, na tumbo la uzazi hutoa vitu vinavyolikaza na kuleta maumivu. Jirani mmoja akilia, mwenzake aliye mgonjwa hawezi kulala.

Ugonjwa huu wa kibofu usio na vijidudu si mpya. Mwaka 1915 daktari Guy Hunner wa Baltimore, Marekani, aliandika habari za wanawake wenye vidonda kibofuni. Leo twajua kwamba wagonjwa wengi hawana hata kidonda. Tena wako wanawake ambao nyama laini, mfano wa ile ya ndani ya tumbo la uzazi, huota hata kwenye kibofu, ikawaumiza zaidi wakati wa hedhi.

Huku kwetu pwani liko jambo la pili la kuangalia, nalo ni kichocho. Konokono wake hawakai baharini. Hukaa katika maji baridi, madimbwini na katika mashamba ya mpunga. Damu ya kichocho mara nyingi huonekana mwishoni mwa mkojo, na mama aweza kudhani ni hedhi iliyopotea njia. Lakini damu hiyo haifuati mwezi. Mayai ya kichocho yaweza pia kuingia katika njia ya uzazi, yakaleta maumivu na damu, na watu wakasema ni ugonjwa wa zinaa. La, sivyo! Kichocho hupatikana majini. Mkojo wa kukipima hufaa utolewe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, maana ndipo mayai hutoka kwa wingi. Dawa yake ni prazikwanteli, na kipimo chake hufuata uzito wa mgonjwa.

Sasa mama atatambuaje? Aandike. Mimi ni karani, kazi yangu ni kuandika tarehe, nami nimeona mara nyingi jinsi tarehe moja iliyoandikwa inavyomaliza mabishano ya siku nzima. Chukua kalenda au daftari la mtoto. Kila jioni andika: nimo katika hedhi au simo, maumivu ni mangapi, tangu 0 hata 10, usiku niliamka mara ngapi, nimeona damu katika mkojo au sikuona. Fanya hivyo miezi miwili au mitatu, kisha mpelekee daktari. Karatasi hiyo itamwonyesha njia ya kuanzia.

Wakati huo usijinyime maji, maana mkojo mzito huchoma. Kahawa, pilipili na ndimu huwazidishia wengine maumivu. Acha kimoja kimoja uone. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, ikiwekwa chini ya kitovu, hutuliza. Usinunue dawa za kuua vijidudu bila kupimwa. Lakini ukiwa na homa, au maumivu ya ubavu, au damu katika mkojo, au ukiwa na mimba, usingoje kalenda: nenda zahanati siku hiyohiyo.

Nawe baba, kabla ya kumshuku mkeo, mnunulie kalamu. Siku ya kwenda kwa daktari, toa nauli ya watu wawili, mwende pamoja.