Sinia Moja kwa Nyumba Nzima



Katika nyumba nyingi za Mji wa Kale, bibi mwenye maradhi ya moyo au ya sukari hutengewa sahani yake. Sisi huzunguka sinia la sambusa na katlesi, naye huwekewa kando viazi vya kuchemsha na kipande cha samaki. Twafanya hivyo kwa mapenzi, kwa kuwa daktari amemkataza mafuta. Lakini kwa mzee aliyeilisha nyumba nzima kwa mikono yake, kula kando ni unyonge, ijapokuwa hautamki.

Ndiyo sababu juma hili twazungumzia kikaango cha hewa, ambacho vijana wetu hukiita eafraya. Kampuni ya Philips ilikitangaza mwaka 2010 katika maonyesho ya Berlin, Ujerumani, na leo kimeingia katika majiko yetu. Ndani yake mna waya wa moto na feni. Hewa iliyopashwa huzungushwa kwa kasi juu ya chakula, ikakikausha ngozi mpaka kikawa kikavu na chenye rangi. Kwa hakika ni tanuri dogo, wala si karai. Asiyelijua hilo hulalamika bure.

Vyakula vya urojo havikubali. Bhajia, viazi karai na kaimati huhitaji mafuta ya moto yashike unga papo hapo; katika chombo hiki urojo huchuruzika chini. Mahamri nayo hutoka kama mkate. Lakini sambusa, katlesi, kababu, mishkaki, muhogo na samaki hufaa sana. Sambusa tuzipake mafuta kidogo kwa brashi, tuzipange zisilaliane, tuziweke kwa nyuzi 180 kwa dakika kama 12, na katikati tuzigeuze. Muhogo tuutokose kwanza. Vyakula vya wanga vitolewe vikiwa na rangi ya dhahabu, visiachwe vikaungua.

Faida yake yapimika. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina takriban kilokalori 120. Chakula kilichozama karaini hatujui kimenywa vijiko vingapi. Hapa twapima wenyewe, na kijiko kimoja chaweza kutosha mkupuo mzima. Tena twaepukana na yale mafuta ya jana na juzi yanayopashwa mara kwa mara mpaka yakabadilika rangi na harufu.

Hata hivyo, tusidanganyane. Feni haiondoi sukari wala chumvi. Manda ya sambusa yangali ni unga, na mwenye kisukari humdhuru akila nyingi, hata zikiwa hazina mafuta. Basi bibi ale mbili, nasi tujifunze kutosheka pamoja naye. Nyama ya ndani iwe isiyo na shahamu, na kachumbari iwe nyingi. Dawa zake asiziache, na kiasi cha chakula aulizwe daktari wake.

Tukumbuke na umeme. Chombo cha wati 1,500 kikiwaka mfululizo kwa dakika 20 hula nusu yuniti. Kichomekwe ukutani, kisichomekwe katika waya wa kuungia pamoja na friji na birika. Katika nyumba kongwe zenye waya za zamani, fundi azikague kwanza. Na kisisukumwe ukutani kabisa, kwani hewa ya moto hutokea nyuma.

Asiye na uwezo wa kukinunua asijione amepungukiwa. Wazee wetu walibanika samaki kwa makaa, wakampaka tui la nazi na ukwaju, wala hawakumzamisha katika mafuta. Njia hiyo ingali yetu.

Sote twajua kuwa dini yetu imetukataza israfu katika kula na kunywa, na Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kuacha nafasi tumboni kwa maji na kwa pumzi. Chombo chaweza kutusaidia kupunguza mafuta. Kupunguza tonge ni kazi yetu wenyewe. Ijumaa hii, kabla ya kupakua, tupike chakula kimoja ambacho mgonjwa wa nyumba aweza kukila, kisha tumwite aje akae nasi siniani.

Wabillahi tawfiq.