Sataranji: Askari wa Tatu

Ndugu msomaji, panga kete zako turudi Reykjavik, Julai 1972, mchezo wa sita. Bobby Fischer wa Marekani alikuwa na kete nyeupe. Desturi yake ilikuwa kumtanguliza askari wa mfalme. Siku hiyo alimsogeza askari wa tatu kutoka kushoto. Kumbe alikuwa akielekea Gambiti ya Malkia, njia asiyoizoea! Bingwa Boris Spassky wa Umoja wa Sovieti akajikinga kwa ulinzi wa Tartakower, ngao yake ya siku nyingi. Haikumfaa. Askari weupe walisonga, mfalme mweusi akabaki wazi, na baada ya hatua 41 Spassky akasalimu amri. Kisha, kwa uungwana usioonekana kila siku, akampigia makofi mpinzani wake pamoja na watazamaji. Fischer akaongoza kwa mara ya kwanza, pointi 3½ kwa 2½.