Hoteli hewa Kolwezi: aliyeibiwa si mjinga

KOLWEZI – Kila mara msafiri anapoibiwa feza ya chumba kwa njia ya telefone, wakaaji wa mji wana neno moja tu mdomoni: «Alikuwa mjinga.» Neno hilo halina haki. Mjinga ni mtu anayeonyeshwa hatari na kuikataa. Msafiri huyu alifanya kile ambacho hata hoteli za kweli zinamuomba afanye.

Mwizi anachukua picha za hoteli inayojulikana ya Dilala ao Manika. Anafungua ukurasa wa Facebook wenye jina linalofanana na lile la kweli na kuweka namba yake ya WhatsApp. Bei anaishusha kidogo tu, ili isishitue mtu. Kisha anasema vyumba vimebaki viwili, watu wa kompani za madini wanavitaka, basi avansi itumwe sasa hivi kwa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money. Feza ikifika, namba inakufa. Mama mfanyabiashara aliyetoka Lubumbashi, akapita Likasi na Fungurume, karibu kilometa 300, anafika usiku na mtoto mgongoni. Mtu wa mapokezi anafungua daftari: jina lake halimo.

Lakini hoteli ya kweli nayo inafanya nini? Kuna zile zisizotangaza bei popote. Namba ya kulipia ni laini ya mfanyakazi, si ya nyumba. Risiti haitoki mpaka mteja apige kelele. Hapo mteja atamtofautisha mwizi na mwenye hoteli kwa alama gani? Ni kumuuzia mtu mbuzi ndani ya gunia, kisha kumlaumu kwamba hakuona pembe.

Wenye hoteli wanajitetea kwamba jina lao pia linachafuliwa. Ni kweli. Lakini mwenye jina ndiye wa kulilinda. Waandike mlangoni bei na namba moja ya kulipia. Waandikishe laini hiyo kwa jina la hoteli, ili mteja alione mbele ya kuthibitisha malipo. Watume risiti bila kuombwa. Kazi hiyo haimalizi hata wiki moja.

Wengine wanasema dawa ni kupitia mitandao mikubwa ya ng'ambo. Hata huko hakuna usalama kamili: miaka hii wezi waliiba maneno ya siri ya hoteli zinazotumia Booking.com, wakawaandikia wateja kupitia ujumbe wa mtandao huohuo, wakiwaomba walipe tena. Mlango ulifunguliwa upande wa hoteli, si upande wa mteja.

Sheria iko. Kitabu cha pili cha sheria ya makosa, kifungu cha 98, kinamtolea tapeli kifungo cha miezi 3 mpaka miaka 5. Toka tarehe 13 Machi 2023, Kongo ina pia sheria kuhusu mambo ya kidijitali. Lakini laini zinauzwa barabarani zikiwa tayari zimeandikishwa kwa jina la mtu mwingine. Kompani za telefone zinapaswa kujibu kuhusu jambo hilo. Na polisi hawawezi kufuata wizi ambao hakuna aliyeushitaki.

Kwa sasa, msafiri amuombe ndugu ao rafiki wa Kolwezi apite hotelini kwa miguu. Alipe akifika. Kama avansi ni lazima, iwe ya usiku mmoja tu, na jina linalotokea kwenye telefone liwe la hoteli. Akiibiwa, asifute ujumbe hata mmoja; aite kompani ya telefone palepale, kisha aende polisi.

Na jirani zake wamsindikize, wasimcheke. Kila anayeitwa mjinga leo atanyamaza kesho, na mwizi atatumia namba ileile kumuibia mwingine.