Memori Kadi ya Kamera: Tuangalie Nini Kabla ya Kulipa?

Mwezi huu tuzungumze juu ya kitu kidogo kama stempu ya posta. Wengi wenu mna kamera ya dijitali nyumbani, na mnapoelekea msimu wa ubatizo, kipaimara na harusi swali huwa lile lile: memori kadi ipi inafaa?

Enzi za filamu hatukuwa na wasiwasi huu. Picha ikipotea au ikilowa mvua, negativu ilibaki katika bahasha na mtu alisafisha nyingine. Kamera ya dijitali haina negativu. Picha zote zimo ndani ya ile kadi, na kadi ikikuangusha, zimekwenda zote. Kwa hiyo kadi siyo kitu cha kununua haraka haraka njiani mkielekea kanisani.

Kwanza soma maandishi yaliyo juu ya kadi. Kadi za SD zilitangazwa mwaka 1999, na za aina ile ya kwanza huishia GB 2. Mwaka 2006 zikaja SDHC, ambazo hufika GB 32. Mwaka 2009 zikaja SDXC, kuanzia hapo kwenda juu. Zote zina umbo moja na zote huingia katika tundu moja, na hapo ndipo wengi hupotea. Sisi wauguzi hukumbuka jambo hili kwa mfano wa damu: mtu wa kundi AB hupokea damu ya makundi yote, lakini wa kundi O hupokea ya O tu. Kamera mpya hupokea kadi za zamani, lakini kamera ya zamani haipokei kadi mpya. Kama kamera yako ulirithi kwa kaka aliyeinunua mwaka 2004, huenda ikakataa kadi ya GB 32 wala isiwe mbovu. Angalia kitabu chake cha maelezo, au nenda nayo dukani ukaijaribishe hapo hapo. Kamera nyingine kubwa za wapiga picha hutumia kadi za umbo tofauti kabisa, kama CompactFlash.

Ukubwa gani utoshe? Tupige hesabu kama tunavyopiga za sokoni. Picha moja ya kamera ya megapikseli 20 huchukua kama MB 8. Kadi ya GB 32 basi itabeba picha kama 4,000. Tukumbuke kwamba mkanda wa filamu ulikuwa na picha 36, na tuliona tumepiga nyingi! Mama wa nyumbani hana haja ya kadi ya GB 256. Tunashauri kadi mbili za GB 32 badala ya moja ya GB 64: moja ikiharibika katikati ya harusi, nusu ya harusi bado unayo. Video ndiyo yenye kula nafasi. Video nzito ya 4K inaweza kumaliza GB 45 kwa saa moja, na mahubiri peke yake mnajua yanavyokwenda.

Kasi nayo imeandikwa, ila kwa alama. Namba 10 iliyo ndani ya herufi C ina maana kadi huandika angalau MB 10 kwa sekunde, na hiyo yatosha kwa picha za kawaida. Kwa video ya 4K tafuta namba 3 ndani ya herufi U, au V30. Hizo huandika angalau MB 30 kwa sekunde. Ile namba kubwa ya kuvutia macho, 100 au zaidi, mara nyingi ni kasi ya kusoma wala siyo ya kuandika.

Sasa tuje kwenye kadi bandia, maana hapa akina mama wanalizwa. Kadi bandia hudanganya kamera. Ndani ina nafasi ya GB 8, lakini imefundishwa kujitangaza kuwa ni ya GB 128. Ukiiweka, kamera itaonyesha nafasi tele. Picha za mwanzo zitatoka safi. Nafasi ya kweli ikijaa, kadi huendelea kupokea bila kulalamika, na kinachoingia hupotea au hufuta cha mwanzo.

Mama mmoja tunayesali naye alinunua kadi ya namna hiyo kwa bei nafuu mno, kwa ajili ya ibada ya shukrani ya mama mkwe wake aliyetimiza miaka 80. Za kanisani zilitoka. Za nyumbani, wajukuu wakipiga magoti bibi akiwawekea mikono, zilibaki majina tu. Ukifungua hakuna kitu. Bibi alifariki kabla ya mwaka kwisha, na picha nyingine ya namna ile haikupigwa.

Dawa yake ni kuijaribu kadi siku kadhaa kabla ya shughuli. Mwombe kijana wako anayejua kompyuta aijaze mpaka ukingoni, kisha afungue vile vya mwisho na vya mwanzo kuona kama vinafunguka. Zipo programu za bure za kazi hiyo, kama H2testw na F3. Pakiti nzuri siyo ushahidi, hata pakiti hughushiwa. Dai risiti. Lakini kadi ya GB 32 ikionyesha 29 na kitu kwenye kompyuta, usimgombeze muuzaji. Kiwanda huhesabu GB moja kuwa baiti 1,000,000,000, na kompyuta huhesabu 1,073,741,824.

Machache ya utunzaji. Usichomoe kadi taa ya kamera ikiwa inawaka. Kamera ikikataa kupiga na kusema kadi imefungwa, tazama kile kiswichi kidogo ubavuni, mtoto amekisukuma. Picha zikifutwa kwa bahati mbaya, acha kupiga kabisa na umpelekee fundi, kwani mara nyingi hupatikana mradi usipige nyingine juu yake. Na kadi siyo kabati la kuhifadhia miaka. Ndani ya juma lile lile hamisha picha kwenye kompyuta na mahali pengine pa pili, hakikisha zinafunguka, ndipo uisafishe kadi kwa kutumia kamera yenyewe. Zile kumi bora peleka zikachapwe.

Kadi tupu na kadi iliyojaa zisikae pamoja katika pochi ya chenji. Vibahasha viwili vya kaki vinatosha, kimoja kiandikwe TUPU na kingine IMEJAA.